Mtoto wa Bukavu na gitare yake

Unamjua Lokua Kanza? Alizaliwa hapa kwetu Bukavu mwaka 1958, akakulia Kinshasa. Kwa miaka alipiga gitare nyuma ya wakubwa: hayati Abeti Masikini, na huko Paris, alikofika mwaka 1984, Ray Lema. Kuacha kundi si mchezo. Kesho utakula nini? Lakini mwaka 1993 alitoa albamu yake ya kwanza, yenye jina lake mwenyewe. Haina makelele: gitare, sauti za watu, ngoma kidogo, kama vile mama anabembeleza mtoto.

Na wewe kijana wa machimbo, unayemfanyia mwingine kazi, jifunze vizuri kwanza. Siku yako ikifika, usiogope kutoka na sauti yako.