Kiporo cha Ugali: Usikitupe Ovyo, Usikile Ovyo

Tuseme unakaa Misunkumilo, hapo Mpanda. Jana jioni ulisonga ugali wa watu wanane. Wageni uliowangojea hawakuja. Asubuhi hii nusu ya ugali bado imo ndani ya sufuria. Je, utawamwagia kuku?

Ugali huo ni jasho lako. Ulilima, ukapalilia, ukavuna, ukapeleka mahindi mashineni. Ukiutupa leo, utaukumbuka mwezi wa Februari, wakati ghala limepungua na mahindi mapya bado yako shambani.

Lakini kwanza angalia kiporo hicho kimetoka wapi. Ugali uliobaki kwenye sahani umeguswa na mikono ya watu wote. Kila mmoja alimega, akachovya kwenye mboga, akarudisha mkono. Ugali wa namna hiyo usiulaze. Unaofaa kulala ni ule ambao haukuguswa kabisa. Kwa hiyo, ukiona umesonga mwingi, kata sehemu yake kwa mwiko kabla watu hawajaanza kula. Uweke kwenye chombo kisafi, ufunike vizuri, uuweke mahali penye ubaridi. Usiuchanganye na mboga.

Maharage, samaki na wali huharibika upesi zaidi, hasa katika joto la Oktoba. Wali ndio unaodanganya watu wengi. Ukilala nje ya jokofu, vidudu fulani huacha sumu ndani yake, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto. Wali pika wa kutosha tu.

Sasa turudi kwenye ugali wetu. Ugali uliolala huwa mgumu. Ugumu huo ndio faida yake, maana unakatika vizuri kwa kisu. Ukate vipande vyembamba kama vidole. Kaanga kwa mafuta kidogo ya alizeti au mawese mpaka viwe vyekundu pande zote. Kama huna mafuta, vichome juu ya makaa. Kunywa navyo chai. Watoto wengi huvipenda kuliko ugali wenyewe wa jana!

Njia nyingine ni hii. Kaanga kitunguu na nyanya, tia dagaa wa Ziwa Tanganyika waliooshwa, wakiiva tia vipande vya ugali na maji kidogo. Funika, acha vichemke sana. Huko Meksiko, ambako mahindi yalianza kulimwa zamani sana, watu hufanya karibu hivyo hivyo. Chapati zao za mahindi zikilala, huzikaanga na kuzipika katika mchuzi wa nyanya na pilipili.

Ukitaka togwa, ponda ugali ndani ya maji, uchemshe mpaka uwe uji mzito. Uache upoe hadi uvuguvugu, kisha koroga unga wa kimea cha ulezi, kijiko kimoja au viwili. Baada ya muda mfupi uji utakuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Chemsha tena kabla ya kunywa. Kimea hicho kinasaidia pia uji wa mtoto, maana tumbo lake ni dogo na uji uliozidi maji humshibisha bila kumpa nguvu. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja mpikie uji mpya, si wa kiporo.

Vyakula hivi vyote vifanye asubuhi. Usingoje mchana.

Kama ugali unanuka, unateleza au una ukungu, basi umekwisha. Usikate penye ukungu ukala palipobaki. Ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wapatao 20 walikufa. Hayo yalikuwa mahindi ya ghalani, si kiporo. Kwa hiyo chagua mahindi yako vizuri kabla ya kuyapeleka mashineni.

Na wale kuku? Usiwape chakula chenye ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sababu ya chakula cha karanga zenye sumu hiyo hiyo. Ugali ulioharibika utie katika shimo la mbolea, uufukie kwa udongo ili kuku wasiufukue.