Fahamu: Jinsi Python inavyogawa maandishi yenye vitenganishi

Ras Kamboni, mji wa pwani ya Somalia karibu na mpaka wa Kenya, huandikwa pia Raas Kaambooni na Ras Chiamboni. Katika faili za GeoNames, hifadhidata ya majina ya mahali, kila mahali kama huo hupewa mstari mmoja: sehemu zake hutenganishwa kwa tabo, na majina mbadala, ndani ya sehemu yao, kwa mkato.

Katika Python, mstari.split("\t") hurejesha orodha ya sehemu hizo, ikihesabiwa kuanzia 0. Majina mbadala yako nafasi ya 3, na split(",") huyatenganisha. Latitudo, nafasi ya 4, hubaki maandishi hadi float() iigeuze namba.

Mabano yakiachwa matupu, split() hukata penye nafasi tupu kati ya maneno, na "Ras Kamboni" huwa maneno mawili. Tabo mbili zikifuatana, split("\t") hutoa sehemu tupu.