Kutu Ilindayo Bunduki

Kutu ni adui wa kila kitu cha chuma, na mwenye jembe au panga aijua hasara yake. Lakini katika mji wa Birmingham, Uingereza, ulio mashuhuri kwa uundaji wa bunduki, mafundi walijifunza zamani kuialika kutu kwa makusudi na kuigeuza iwe mlinzi. Hiyo ndiyo asili ya ile rangi nyeusi yenye kuelekea buluu, ionekanayo kwenye mitutu ya bunduki za marisau.

Watu wengi hudhani ya kuwa rangi hiyo hupakwa kama rangi ya mlango. Sivyo. Kwanza fundi huisugua mitutu kwa msasa mpaka mikwaruzo iishe. Kisha huondoa mafuta yote, maana hata alama ya kidole yatosha kuharibu kazi. Huziba ncha za mitutu kwa vizibo vya mti, akapaka dawa ya asidi kidogo sana, na kuiacha mahali penye unyevu kwa saa kadhaa. Kutu nyekundu ikishaenea, mitutu huchemshwa katika maji safi kwa dakika 20 au 30. Hapo kutu hugeuka kuwa nyeusi na kushikamana na chuma. Ile iliyolegea hupanguswa kwa brashi ya waya laini, na kazi huanza tena, mara sita, nane, au zaidi. Mwishowe mafuta hupakwa, na kutu hukoma.

Iko njia ya haraka, ambayo chuma hutoswa katika maji ya soda kali yenye joto la digrii 140 hivi za Sentigredi. Njia hiyo yafaa bunduki nyingi, lakini si bunduki kuukuu ya mitutu miwili. Mitutu hiyo imeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, na ile soda huila lehemu hata mitutu ikaachana. Mwenye haraka hupata rangi, akapoteza bunduki.

Tena liko jambo kubwa kuliko rangi. Kila msasa upitapo, chuma hupungua. Bunduki nyingi za karne ya 19 zilikuwa na mitutu ya Damascus, yaani ya chuma na feleji zilizosokotwa pamoja na kufuliwa, nayo ilikusudiwa baruti nyeusi. Mtutu wa namna hiyo, ukiwa umeliwa na kutu ndani, waweza kupasuka karibu na mkono wa mpigaji utiwapo baruti ya kisasa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa sababu hiyo Waingereza wana nyumba za kujaribia bunduki. Ya London ni ya chama cha mafundi kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637, na ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Huko bunduki hupigwa kwa baruti yenye nguvu kupita kawaida, na ikistahimili, mitutu yake hugongwa muhuri.

Basi fundi mwenye busara hupima unene wa mtutu kabla ya kushika msasa, wala haufuti muhuri kwa kusugua. Akiona mtutu umekuwa mwembamba mno, huuacha na makovu yake, akamshauri mwenye bunduki aitundike ukutani.