Kwa nini Yamoto Band kurudi pamoja ni ngumu

Hapa Majengo, Mpanda, "Nitakupwelepweta" ikipigwa kwenye sherehe, hakosi mtu wa kuuliza: hawa jamaa si warudiane tu?

Jibu fupi: ni ngumu.

Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso walikuzwa na Said Fella kwenye Mkubwa na Wanawe, Dar es Salaam. Walikuwa vijana wadogo, bosi mmoja, ratiba moja. Mwaka 2017 kundi likavunjika, kila mtu akashika njia yake.

Maromboso akawa Mbosso, akaingia WCB ya Diamond Platnumz 2018, akatoka 2025. Aslay aliachia ngoma mfululizo peke yake na ana mashabiki wake. Beka na Enock nao wakaendelea kivyao.

Sasa njoo kwenye hesabu. Tuseme promota ana milioni 20 za shoo. Msanii akipanda peke yake, zote ni zake na timu yake. Wakipanda wanne, kila mmoja anabaki na milioni 5, na hapo mameneja wa kila upande bado wanataka chao.

Halafu kuna maswali magumu. Mwenye jina kubwa zaidi atakubali kulipwa sawa na wenzake? Nani asimamie kazi? Pesa za jina la Yamoto zinaenda kwa nani?

Ndiyo maana shoo moja ya kumbukumbu inawezekana, ila kundi la kudumu siyo rahisi. Watu wanaweza kupatana vizuri tu, biashara ikagoma.