Ucheshi na Uzee katika Riwaya ya Upelelezi: Mfano wa Sir John Appleby

Mwanafunzi akiulizwa dhima ya ucheshi katika riwaya, aghalabu hujibu kuwa unaburudisha na kumwondolea msomaji uchovu. Jibu hilo si potovu, ila halifiki mbali. Lipo kundi la riwaya za Kiingereza ambamo ucheshi umebebeshwa mzigo mzito zaidi, nazo ni riwaya za mpelelezi muungwana: mtu wa makamo au mzee, msomi, mwenye adabu, anayeyakabili mauaji huku akitania. Makala haya yanazitazama riwaya hizo kupitia kwa Sir John Appleby, mhusika aliyebuniwa na Michael Innes. Dai letu ni kwamba katika riwaya hizi utani ndimo kidokezo kinamofichwa, na uzee wa mpelelezi ndio unaompa nafasi ya kukiona.

Michael Innes ni lakabu ya J. I. M. Stewart (1906–1994), mzaliwa wa Edinburgh, aliyefunza fasihi ya Kiingereza huko Leeds, Adelaide, Belfast na hatimaye Oxford. Kwa jina lake halisi aliandika uhakiki wa kitaaluma, kikiwemo kitabu Eight Modern Writers (1963). Kwa lakabu yake aliandika visa vya mauaji. Appleby anaingia ulingoni mwaka 1936 katika Death at the President's Lodging, akiwa inspekta kijana wa Scotland Yard. Riwaya ya mwisho inayomhusu, Appleby and the Ospreys, ilitoka mwaka 1986. Hiyo ni nusu karne. Katika kipindi hicho mhusika huyu anapanda vyeo hadi kuwa Kamishna wa polisi wa London, anatunukiwa hadhi ya Sir, anaoa, anapata watoto, kisha anastaafu na kwenda kuishi Long Dream, jumba la mashambani la ukoo wa mkewe Judith.

Utani wa Innes huanzia kwenye anwani. Mwaka 1945 alitoa riwaya iitwayo Appleby's End. Msomaji aliyemzoea mpelelezi huyu angesoma anwani hiyo na kudhani kuwa amefikia mwisho wake, labda ameuawa. Akifungua kitabu anakuta kwamba hilo ni jina la kituo cha gari la moshi, tena ndiko Appleby anakoshukia na kukutana na jamaa ya huyo Judith atakayemwoa. Mwandishi hajadanganya hata kidogo. Ametoa maneno mawili yenye maana mbili na kumwacha msomaji achague ile isiyofaa. Mwalimu anayefunza utata wa maana hana haja ya mfano mwingine.

Mbinu hiyo ina chanzo chake. Mnamo mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliorodhesha amri kumi za kuuongoza utungaji wa visa hivi, na mwaka 1930 waandishi wa London wakaunda chama chao, Detection Club. Nguzo ya kanuni zao ilikuwa haki kwa msomaji: kila kidokezo anachokitegemea mpelelezi sharti kiwe kimewekwa mbele ya macho ya msomaji. Hapo ndipo mwandishi anapobanwa. Atawezaje kukionyesha kitu na papo hapo kukificha? Wengine walikificha katika orodha ndefu ya vitu vya chumbani au katika ratiba za magari ya moshi. Innes na wenzake wa mkondo wa ucheshi walikificha katika kicheko. Mtu anapocheka huona kwamba jambo limekwisha. Amelielewa, amelifurahia, anageuza ukurasa. Hawezi kulirudia na kuliuliza maswali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni A Family Affair (1969). Appleby, ambaye sasa ni mstaafu, yuko kwenye chakula cha jioni. Kinasimuliwa kisa cha kuchekesha kuhusu mtu aliyetapeliwa kazi ya sanaa kwa hila ya ajabu. Wasikilizaji wanacheka. Appleby pia anafurahia, ila kisa hakimtoki akilini, na akianza kuchunguza kwa msaada wa mkewe na mwanawe Bobby anagundua kuwa hila za namna hiyo zimeendelea kwa takriban miaka ishirini, na kwamba kila aliyetapeliwa alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Hebu tuutazame ujenzi wake. Mhalifu amechagua hila za kuchekesha kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyeibiwa hushtaki, lakini mtu aliyefanywa kichekesho huona haya. Kicheko kimekuwa kufuli. Hiki ni kinaya cha hali ya juu: ucheshi uliomvutia msomaji ndio huohuo uliomlinda mwizi. Mwanafunzi atakayeandika kwamba ucheshi wa riwaya hii "unaburudisha" atakuwa ameingia mtegoni pamoja na wale waliokuwa mezani.

Tuje sasa kwenye uzee. Appleby wa mwaka 1936 ana mamlaka. Akiingia chumbani watu hujihadhari, hupima maneno, humkumbuka wakili. Appleby mstaafu hana hati ya upekuzi wala askari wa kutuma. Katika Appleby at Allington (1968) yeye ni mgeni tu aliyealikwa kula, na maiti inapatikana katika bustani ya mwenyeji wake. Hawezi kuamrisha, kwa hivyo inambidi azungumze. Ndiyo sababu riwaya za kipindi hiki zimejaa majibizano, nayo si mapambo. Swali la inspekta hujibiwa kwa tahadhari. Mzaha wa mzee hujibiwa kwa mzaha, na katika mzaha watu husema ya moyoni. Wanafunzi wanaotoka katika jamii ambamo babu na mjukuu hutaniana bila kizuizi watalielewa jambo hili upesi, pengine kuliko msomaji wa Uingereza.

Si kila mwandishi aliyeushughulikia umri hivi. Agatha Christie alimwanzisha Poirot mwaka 1920 akiwa tayari amestaafu, akajikuta na mzee ambaye ilibidi asizeeke kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi Curtain ilipochapishwa mwaka 1975 na Poirot akafa. Margery Allingham alifanya kinyume. Campion wake anaanza mwaka 1929 kama kijana anayejitia upumbavu, lakini ifikapo The Tiger in the Smoke (1952) masihara yamepungua na uzito wa dunia umemwingia. Innes yumo katikati. Anamstaafisha Appleby, kisha anaivuta kalenda taratibu. Msomaji akipiga hesabu atakuta kwamba inspekta wa 1936 angekuwa amepita miaka sabini na mitano mwaka 1986, jambo ambalo riwaya haina haraka ya kulitaja.

Tusizisifu riwaya hizi kupita kiasi. Milango inayomfungukia Sir John humfungukia kwa sababu ya tabaka. Mtumishi wa jikoni mwenye akili kama yake asingeketishwa mezani kusikia kisa kile. Uungwana hapa ni cheo kinachofanya kazi ya hati ya upekuzi, na mwalimu anayefunza maudhui ya utabaka ana haki ya kumuuliza mwandishi ni nani anayecheka na ni nani anayechekwa. Isitoshe, utani mwingi wa Innes umejengwa juu ya madondoo ya fasihi ya Kiingereza. Mwingine una kazi katika msuko. Mwingine, kwa maoni yetu, ni tambo za profesa tu.

Katika Kiswahili jirani wa karibu ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Ni kweli kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, ana nasaba na Sherlock Holmes kuliko Appleby. Lakini linganisha kinachowazuia watu kuuliza. Katika A Family Affair ni haya. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ni hofu: maiti inahusishwa na mzimu, na anayeamini mizimu hatafuti muuaji. Bwana Msa na Appleby wote wawili hufaulu kwa kukataa kuridhika na kile kilichowaridhisha wenzao.

Darasani, zoezi lifaalo ni kuzisoma sura za kwanza mara mbili, kabla na baada ya kuumaliza msuko. Katika usomaji wa pili wanafunzi waweke alama kila walipocheka mara ya kwanza, kisha waandike ni habari gani iliyopita hapo bila wao kuiona.