Mwalimu na Akili Inayokua (3): Kipimo Kilichogeuzwa Muhuri

Kila matokeo ya kidato cha nne yatokapo, katika ofisi za walimu hurudi maneno yaleyale: darasa lile lilikuwa la vilaza, tungefanyaje? Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, uamuzi ninaouunga mkono hadi leo. Lakini zingalipo shule zenye mkondo A wa vipanga na mkondo C wa hao wengine, na mtoto hujua amewekwa wapi kabla hajafungua daftari.

Nadharia ya mwanasaikolojia Carol Dweck, kwamba akili yaweza kukuzwa, tumekwisha kuieleza, siirudii. Leo twende Paris ya 1904, kwa mtu ninayemstahi kuliko wote katika taaluma hii, Alfred Binet.

Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeunda tume kuhusu watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao darasani, na Binet akawa mjumbe wake. Alikwisha kujaribu kupima akili kwa ukubwa wa mafuvu, akaona hayampi jibu la kuaminika, akaachana nayo. Mwaka 1905, akiwa na daktari Théodore Simon, alitoa kipimo cha akili chenye majaribio 30, kuanzia kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka hadi kutofautisha maana za maneno magumu. Shabaha ilikuwa moja: kumtambua anayehitaji msaada ili asaidiwe.

Naye hakuishia kupima. Alitetea mazoezi ya kuinyoosha akili. Mojawapo ni mchezo wa sanamu: darasa zima linaganda, hakuna kutikisika, mpaka mwalimu atoe ishara. Katika jingine, watoto walioneshwa vitu kwa sekunde chache, kisha wakavitaja kwa kumbukumbu. Wajifunze kwanza kutulia na kusikiliza, ndipo waje kwenye hesabu na sarufi. Katika kitabu chake cha 1909 aliwashutumu waziwazi wasomi waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki. Alifariki 1911, akiwa na miaka 54.

Huko Marekani, Henry Goddard alikuwa amekwisha kukitafsiri kipimo hicho, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakipanua. Wote wawili waliamini akili ni urithi. Kifaa cha kumwinua mtoto kikawa muhuri wa kumpiga kwenye paji la uso. Dweck, alipotoa kitabu chake mashuhuri mwaka 2006, alikuwa profesa wa Stanford hiyohiyo!

Nafasi inaniishia, na mwalimu wa mkondo C anasubiri. Claudia Mueller na Dweck walionesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili walikata tamaa upesi zaidi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Basi mwoneshe mwanafunzi hatua aliyopotelea, usiishie kuweka alama ya kosa. Kisha alirudie swali alilokosea wiki hiyohiyo. Kama darasa limefurika, chagua swali moja tu. Wala usisifu jasho tupu: aliyejitahidi kwa njia mbovu anahitaji kuoneshwa njia nyingine, na hiyo ndiyo kazi tunayolipwa. Anayemwita mtoto kilaza amejipa ruhusa ya kutomfundisha.

Sehemu ijayo tutawageukia wazazi, ambao nao wana la kujibu.