Fahamu: Uchafu wa Kinyinya unavyofika Ziwa Victoria

Mvua ikinyesha Kinyinya, mjini Kigali, Rwanda, maji mekundu hushuka mabondeni kuelekea mto Nyabugogo, unaotoka Ziwa Muhazi. Nyabugogo huingia Nyabarongo, kisha Akagera, hadi Ziwa Victoria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, lakini udongo, mbolea na majitaka havijui marufuku. Naitrojeni na fosforasi zilizomo humo hulisha mwani. Mwani ukioza, humaliza oksijeni na samaki hufa. Gugumaji, lililovamia Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hunenepa kwa virutubisho hivyohivyo. Muogeleaji aogope maji ya kijani yenye utando: baadhi ya mwani huo una sumu, na kuyachemsha hakuiondoi.